Kabla Hamjatuma Dola Zenu Kampala

Wajukuu zangu wa Komanda,

Picha mnazonionyesha kwenye simu zinafanana. Sanduku limefunuliwa, vitaa vya rangi vimepangwa mstari, waya zimefungwa mafungu, ubao mdogo wa buluu uko katikati, na juu yake Kiingereza kinachoahidi kwamba atakayelinunua atakuwa mvumbuzi. Kisha swali: Mzee, tulichangie, ama ni kutupa dola? Mmoja wenu anataka kumtuma dereva wa Kampala. Mwingine ana mjomba Butembo anayevuka Kasindi kwa biashara zake. Wa tatu alikuwa tayari kuchukua pesa ya minervale, ada yake ya shule ya muhula mzima. Nimeona afadhali niwajibu wote pamoja, kwa maandishi, asije mtu akasema niliyomwambia mwenzake ni mengine.

Wa minervale nimjibu kwanza: hapana. Hayo mengine yanahitaji maneno.

Mimi ni fundi wa redio. Nilianza kushika chuma cha kulehemu enzi ambazo redio ya nyumbani ilikuwa na taa za kioo ndani, ikabidi uisubiri ipate moto ndipo iseme. Hapa njiapanda, ambapo magari ya Beni, ya Bunia na ya Mambasa hukutana, nimeletewa kila aina ya kitu kilichokufa, na vingi vimeondoka vikiongea. Kwa hiyo wanaonijua wanatarajia niseme: acheni masanduku ya dukani, okoteni vyuma, vunjeni redio za baba zenu, ndivyo mtakavyojua. Maneno hayo yanapendeza kuyasikia kwa mzee. Lakini siyasemi, kwa sababu si kweli. Sanduku lina faida yake, na faida yenyewe ni moja tu, ambayo anayeuza haitaji na anayenunua haijui: linakupa vipande vizima.

Fikirini mtoto anayejifunzia vitu vya kuokota. Amenyofoa transista kwenye redio iliyokaa darini tangu babu yake. Rezista imeungua ngozi, rangi hazisomeki. Kapasita imevimba kichwani. Anaunganisha vizuri kabisa, kama alivyochora mwalimu, na kitaa hakiwaki. Kosa liko wapi? Huenda ni waya alioupeleka siko. Huenda ni transista iliyokufa kabla yeye hajazaliwa. Hana njia ya kujua, maana mambo mawili yote ni giza kwake, mkono wake na kipande chenyewe. Atabadilisha waya, atageuza, atarudia, na mwisho atajihukumu kwamba kichwa chake hakifai kazi hii. Nimewaona vijana wenye akili safi wakiiacha kazi kwa sababu ya transista moja mfu.

Mwenye seti mpya yuko mahali tofauti. Vipande vyake karibu vyote vinafanya kazi. Kitaa kikikataa, basi kosa ni lake: amegeuza miguu ya kitaa, au amechomeka waya kwenye mstari wa matundu usiohusika, au hajafunga mzunguko. Atatafuta na atapata, kwa kuwa kinachotafutwa kipo mahali pamoja. Mganga asiyemjua mtu mzima alivyo hawezi kumtambua mgonjwa. Nyinyi mnataka kuanza na wagonjwa watupu.

Najua mtanijibu kwa majina. Mtaniambia habari za Richard Turere, yule mtoto wa Kimaasai wa Kitengela, ukingoni mwa hifadhi ya Nairobi, ambaye akiwa na miaka 11 alizuia simba wasile ng'ombe wa baba yake kwa taa zinazowaka na kuzima, mpaka mwaka 2013 akapelekwa Marekani kuwaeleza wakubwa. Hakununua sanduku. Mtaniambia pia habari za William Kamkwamba wa Malawi, aliyekosa ada ya sekondari wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akajenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, akawasha taa kwao Wimbe. Naye hakununua sanduku.

Nawapenda vijana hao. Lakini tazameni kwa makini walichokuwa nacho. Turere alichukua kisanduku cha indiketa za pikipiki, kile kinachozifanya ziwake na kuzima. Hicho ni kifaa kamili, kilichotengenezwa kiwandani na kupimwa. Yeye hakujenga saketi ya kuwasha na kuzima, aliikuta imejengwa, na akili yake kubwa ilikuwa kuona kwamba taa ya barabarani inaweza kumdanganya simba adhani mtu anatembea zizini. Akaongeza batri ya gari, pano ya jua, swichi na balbu za tochi. Kamkwamba alikuwa na dinamo ya baiskeli, nayo ni kitu kamili, na alikuwa na kitabu cha shule kuhusu nishati kutoka maktaba ndogo ya shule ya msingi, chenye picha. Hakuna hata mmoja wao aliyeanzia kwenye magiza yote mawili. Kila mmoja alikuwa na kitu kimoja alichokiamini, akasimama juu yake. Watu husimulia habari zao kana kwamba umaskini ndio uliowafundisha. Umaskini uliwachelewesha. Kilichowafundisha ni dinamo nzima na kitabu.

Basi seti inaweza kufaa. Sasa ni seti gani, maana hapo ndipo dola hupotea.

Kuna zile za kubandika, ambazo vipande vyake vimefichwa ndani ya plastiki na vinashikana kwa sumaku au kwa vifungo. Ni nzuri kwa mtoto wa miaka saba. Mmoja wa waliozipa umaarufu ni Ayah Bdeir, mhandisi mwenye asili ya Lebanon, aliyeanzisha littleBits mwaka 2011. Vipande vyake vilinasana kwa sumaku, hukosei hata ukitaka. Mwaka 2019 kampuni ilinunuliwa na nyingine, Sphero. Jiulizeni: kipande cha namna hiyo kikipotea hapa Komanda, mtakipata wapi? Bunia hakipo. Hata duka lililowauzia huenda halinacho tena. Na hamwezi kukifungua mkaone kilichomo, ilhali kufungua ndiyo kazi mnayotaka kujifunza.

Kuna Makey Makey, iliyotoka mwaka 2012, nayo yenyewe inajiita seti ya uvumbuzi. Unaunganisha waya kwenye ndizi, ndizi inakuwa kitufe cha kompyuta, unapiga kinanda kwa mkungu. Watoto hucheka sana na huelewa jambo la kweli kuhusu koranti kupita mwilini. Huko Marekani ni kama dola 50. Ndizi tunazo, wajukuu zangu. Kompyuta ndiyo sina hakika.

Kisha kuna ubao wa buluu wa kwenye picha zenu, Arduino au nakala yake. Ulianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa walimu waliotaka wanafunzi wao wapate kitu cha bei ndogo. Michoro yake iliachwa wazi, ndiyo maana Wachina wanauiga bila kuvunja sheria, alimradi wasitumie jina. Nakala yaweza kuwa dola chache tu pale ambapo ubao wenyewe ni 25 au zaidi, na kwa anayeanza tofauti haionekani. Ubao huu ni mzuri, siukatai. Lakini chipu yake haifanyi lolote mpaka uiandikie maagizo kutoka kwenye mashine. Msiseme mmekwama kwa kukosa kompyuta: simu ya Android yenye kebo ya OTG na programu yake huweza kuiandikia, nami nimeona ikifanyika. Ubao wa micro:bit, ambao Uingereza iliwagawia wanafunzi karibu milioni moja mwaka 2016, unapokea maagizo ya simu bila hata waya, na unakunywa betri mbili ndogo tu. Pakueni programu kabla, siku mkiwa na mega. Msije mkafungua sanduku usiku huku mtandao umelala.

Hata hivyo, mimi ningewapa seti ya kizee zaidi. Tafuteni yenye ubao mweupe wa matundu, rezista za namba mbalimbali, kapasita, transista, vitaa vya LED, kipaza sauti kidogo, na chipu ya miguu minane iitwayo 555. Chipu hiyo ilibuniwa mwaka 1971 na Mswisi Hans Camenzind, alipokuwa akiifanyia kazi kampuni ya Signetics ya Marekani. Kampuni imeshatoweka, chipu bado inatengenezwa na viwanda vingi mpaka leo, na bei yake ni kama ya peremende. Kitu cha elektroniki kilichodumu zaidi ya nusu karne hakitawakimbia kesho. Na kina sifa inayokifaa hapa kwetu kuliko ubao wa buluu: kinavumilia umeme wa kuanzia volti 4.5 hadi 16. Maana yake kinakaa kwenye batri ya pikipiki bila kulia. Kipeni rezista ya kilo-omu 1, nyingine ya kilo-omu 68 na kapasita ya mikrofaradi 10, taa itawaka na kuzima takriban mara moja kila sekunde. Hapo mmejenga kwa mikono yenu kile alichokikuta Turere kimejengwa.

Nimesema pikipiki kwa makusudi. Vitabu vinavyokuja na seti vimeandikwa kwa ajili ya meza iliyo karibu na kompyuta, ambapo umeme ni volti 5 tangu asubuhi mpaka usiku. Komanda si mji wa volti 5. Komanda ni volti 12: batri za pikipiki, batri za magari, pano za jua juu ya mabati, vibanda vya kuchaji simu. Hapa ndipo nataka mnisikilize polepole na kalamu mkononi.

Kijitabu kitawaambia mweke rezista ya omu 220 mbele ya kitaa chekundu. Rangi zake ni nyekundu, nyekundu, kahawia. Ni sawa kabisa. Katika volti 5, kitaa huchukua kama volti 2, zinabaki 3, gawa kwa 220, mnapata karibu miliampea 14. Kitaa kimetengenezwa kwa 20, kimetulia. Sasa mwenzenu anachukua saketi ile ile, anaipeleka kwenye batri ya pikipiki iliyojaa, volti 12.6. Toa 2 za kitaa, zinabaki 10.6, gawa kwa 220: miliampea 48. Kitaa kinang'aa kwa hasira, kila mtu anapiga makofi. Rezista za seti hubeba robo ya wati, na hii sasa inabebeshwa nusu. Ukiigusa inaunguza. Punde inaanza kutoa harufu ambayo mkishaijua hamtaisahau, mwili wake unageuka rangi, mistari haisomeki, na kitaa kinafifia kisha kinazima moja kwa moja. Watu watasema seti ni bandia. Seti haikuwa bandia. Ilipelekwa mji ambao kijitabu hakiujui.

Weka badala yake rezista ya kilo-omu 1: kahawia, nyeusi, nyekundu. Volti 10.6 gawa kwa 1,000, ni miliampea 10 na ushei. Joto ni kama wati 0.11, chini ya nusu ya uwezo wake. Usiku kitaa kinaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Hata pikipiki ikiwashwa na chaji kupanda hadi volti 14 na zaidi, bado inastahimili. Hesabu hiyo fupi, toa, gawa, zidisha, ndiyo inayowatenganisha fundi na mtu anayechomeka akiomba Mungu. Rudieni kwa kila kitaa mpaka muifanye kichwani.

Pano ya jua nayo ina mtego wake. Nyuma imeandikwa volti 12, mkaamini. Ipimeni saa sita mchana bila kuifunga kwenye kitu chochote: mtaona 20, 21, pengine 22. Ubao wa Arduino unapendelea volti 7 hadi 12 kwenye tundu lake la umeme, na mwisho kabisa ni 20. Ukiupeleka kwenye pano moja kwa moja umeuua. Kwa hiyo umeme wa seti utoke kwenye chaja ya simu au pawabenki, vyote ni volti 5 za uhakika. Pano ichaji batri kupitia regileta, na batri ndiyo iwape nyinyi.

Mmeona nimesema "ipimeni". Kwa kipi? Hili ndilo ningelitanguliza kama mngekuwa watu wa kusikia mwanzo wa maneno. Kabla ya seti, nunueni multimeta. Zile ndogo za njano zinapatikana Bunia na hata kwa wauza vipuri, kwa bei ambayo wanne mkichanga hamtaihisi. Seti bila multimeta ni mchezo. Multimeta bila seti tayari ni nusu ya ufundi, kwa sababu inatoa lile giza la pili: inawaambia kipande cha kuokota ni kizima au ni mfu. Mkiwa nayo, redio za darini zinaanza kuwa na faida. Mnapima dayodi upande huu inapitisha, upande ule inakataa, nzima. Inapitisha pande zote, tupa. Batri inasoma 12.6, imejaa. Inasoma 12 kamili, inaelekea kuisha, msimlaumu mwenye taa.

Na tahadhari moja ya multimeta za bei hiyo. Zina tundu lililoandikwa 10A. Hilo mara nyingi halina fyuzi. Ukiacha waya mwekundu humo kisha ukashika ncha mbili za batri ya gari kutaka kujua volti, umeziunganisha ncha hizo kwa chuma kitupu. Cheche zitaruka, waya utayeyuka mkononi. Kila mkimaliza kupima ampea, rudisheni waya mahali pake kabla ya kuweka chini.

Vitu vitatu msiviguse bado hata mkiitwa waoga: ndani ya chaja na inveta, maana kapasita zake hukaa na volti 300 hata baada ya kuchomolewa, batri za simu na laptopu zilizovimba, maana hushika moto na maji hayauzimi upesi, na waya wowote wa jenereta. Meza yenu ni ya volti 12 kushuka. Moshi wa lehemu msiuvute, ile ya kawaida ina risasi ndani yake, na mikono ioshwe kabla ya kushika muhogo.

Nitaje jambo jingine, ambalo hamtalikuta katika kijitabu chochote kwa sababu waliokiandika hawaishi hapa. Mei 2021 jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, waumini waliokuwa wakikesha kanisani hapa Komanda waliuawa, na hakuna nyumba ambayo habari ile haikuifikia. Barabara ya Beni imejua mabomu ya kutegwa. Sasa jaribuni kujiona kwa macho ya askari kijana aliyesimama bariere tangu alfajiri: anaona mvulana ana mkoba, ndani yake mna batri, waya nyekundu na nyeusi zimesokotwa, na kitaa kinachowaka na kuzima. Hatauliza kuhusu Arduino. Kwa hiyo msisafiri na kitu kilichounganishwa. Batri itolewe, waya zikunjwe kando, vipande vikae kwenye chombo kinachoonyesha kilichomo, na risiti iwe juu. Msifanyie majaribio ya saa na kengele kando ya barabara wala karibu na kambi. Wazazi wajue, mwalimu ajue, na chifu wa mtaa apitiwe aonyeshwe mchana, kitaa kikiwaka mbele yake. Atafurahi, na siku mtu atakapowasingizia atakuwa na la kusema. Naona uchungu kuwaambia watoto hivyo, lakini uchungu wangu hautawavusha bariere.

Kuhusu pesa, nitasema kidogo. Seti ya kawaida yenye ubao hufika dola 30 hadi 60, usafiri haumo. Mtu mmoja asiibebe. Changeni wanne, na sanduku likae kwa yule ambaye bati la nyumba yao halivuji, hata kama yeye ndiye aliyetoa kidogo, maana unyevunyevu wa huku msituni huwahi kuotesha kutu ndani ya matundu ya ubao. Msitegemee sanduku liwarudishie pesa. Pesa ya hapa iko kwenye indiketa za wamotari, spika za makanisa, vibanda vya kuchaji, na pano zilizofungwa ovyo na watu wasiojua kutoa na kugawa. Mwenye seti aliyejifunza kweli atazifikia kazi hizo mapema kuliko nilivyozifikia mimi. Wengi wenu mko sekondari ya ufundi, sehemu ya umeme, na mmechora transista daftarini mpaka mtihani wa Serikali bila kuishika. Hapo sanduku la dola 40 linalogawanywa na wanne haliko ghali.

Na wa nne awe msichana, au wawili. Roboti za kuongoza magari zilizosimamishwa Kinshasa mwaka 2013, zilizokula umeme wa jua, ni kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Baba zenu walizitazama kwenye televisheni wakashangaa, kisha wakamwambia binti aende kuchota maji huku kaka yake akipewa bisibisi. Binti mwenye subira ya kusuka nywele saa tano hawezi kushindwa na mguu wa 555.

Huwa nikishika kapasita mpya ya tantali nacheka peke yangu. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani huchimbwa kwa wingi milimani Kivu, kusini kwetu. Bati la kwenye lehemu nalo tunalo. Dhahabu inayotumika kwenye chipu, Ituri inajulikana kwayo tangu enzi za Wabelgiji. Kinachoondoka kwa magunia kinarudi kwetu kwenye kijisanduku cha karatasi, tukihesabu dola kama tunaweza kukinunua. Siwaambii hivyo mkasirike. Nawaambia ili msione haya kukitaka.

Mkikubaliana, leteni orodha niione kabla ya kumpa dereva. Iandikwe kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, maana muuzaji wa Kampala na mtu wa forodha si mmoja: multimeta moja, chuma cha kulehemu cha wati 40, ubao wa matundu, mfuko wa rezista mchanganyiko na wa kapasita, chipu za 555 angalau tano, vitaa vya rangi. Ubao wa buluu ungojee zamu ya pili. Na ongezeni pesa ya fyuzi za akiba za multimeta, pakiti nzima, kwa sababu ya kwanza mtaiunguza wiki hiyo hiyo na kila mmoja atasema si yeye.